Breki ya Nyuma ni Shangazi

Asubuhi ile ambayo mkono wa kushoto wa Shangazi Naetwe ulimminya Mchungaji vidole mpaka akasahau baraka aliyokuwa anaitoa, mkono wenyewe haukuwa na nia mbaya. Ulikuwa kazini. Mbali kule juu, kwenye mteremko wa Mndeme, Nakunda alikuwa anashuka na baiskeli yake ya mlima, akaona jiwe limekaa katikati ya njia, akataka kufunga breki ya nyuma. Breki ikafunga vizuri kabisa. Jiwe likapita pembeni, na kupitia kile kidude alichobandikwa nyuma ya sikio, Nakunda akasikia ukelele wa mwanamume mzima.

"Shangazi, nini hicho?"

"Ni Mchungaji. Tulikuwa tunasalimiana hapa mlangoni pa kanisa."

"Si tulikubaliana mkono wa kushoto haumsalimii mtu?"

"Nimempa wa kulia! Huu wa kushoto nimeuweka juu yake kwa heshima tu. Mchungaji mzima nimpe mkono mmoja, kama namfukuza?"

"Basi mwombe radhi."

"Nimeshamwomba. Anasema amenisamehe, lakini kidole chake cha mwisho anakiangalia sana."

Msomaji asishangae. Miaka ile mtu aliyebaki na mkono usiosikia hakupewa mkono wa plastiki. Alipewa ndugu. Masika yaliyopita Nakunda aliteleza kwenye mzizi akatua na bega, na mishipa ya fahamu ya bega la kushoto ikakatika. Mfupa ulipona, ngozi ikapona, lakini mkono ukabaki unaning'inia kwenye kitambaa shingoni. Akiuambia funga, haufungi. Hospitalini wakampachika kile kidude, kikawa kinaidaka amri ya "funga" kabla haijafika begani na kufia pale. Shida ni kwamba amri yenyewe ilitoka na mikwaruzo mingi, hakuna mashine iliyoielewa. Kilichoielewa ni mkono hai wa mtu wa damu moja. Basi amri ikawa inarushwa hewani mpaka kwenye bangili ya Shangazi Naetwe, vidole vya shangazi vinakunjika, bangili inavisoma, inapeleka habari kwenye baiskeli, na breki ya nyuma inafunga. Ukipepesa jicho, yote yameshapita.

Ila njia ile haikuwa na mlango. Chochote ambacho mkono wa shangazi ulifanya kwa hiari yake mwenyewe nacho kilifika kwenye baiskeli. Jambo hili waliambiwa hospitalini, wakaitikia ndiyo, ndiyo, kama watu wanavyoitikia mambo ya hospitali. Walilielewa siku ya pili, siku ya kuku.

Kuku alikuwa wa jirani, na mahindi yalikuwa ya shangazi, yameanikwa uani. Nakunda alikuwa ameachia baiskeli kwenye sehemu iliyonyooka, upepo unamlia masikioni, anajisikia mtu tena kwa mara ya kwanza tangu masika. Akasikia, "Shiii! Mwizi mkubwa wewe!" na huko uani shangazi akanyakua ufagio kwa mkono wa kushoto, akaukamata barabara. Tairi la nyuma likagoma palepale. Baiskeli ikageuka ubavu, na Nakunda akaenda kukaa katikati ya migomba.

"Umefika?" shangazi akauliza.

"Nimefika kwenye migomba ya Mama Eliamini."

"Basi msalimie."

* * *

Fundi wa neva aliitwa Elirehema, kijana wa mjini mwenye koti jeupe na kalamu nyingi mfukoni, ambaye hajawahi kupanda baiskeli hata ya magurudumu matatu. Nakunda na shangazi yake ndio walikuwa jozi yake ya kwanza ya mlimani, na alitaka mambo yaende vizuri mpaka usingizi ulimpaa. Aliwaita zahanati kukagua bangili. Shangazi Naetwe alipotoka nje kuwasimulia wauguzi habari za Mchungaji, akafunga mlango.

"Dada Nakunda, mtihani ni Jumamosi."

"Najua. Kwani ninalala?"

Mtihani huo ulikuwa wa leseni ya mlima. Videge vya mizigo vilikatazwa kuruka Upare tangu vilipowatia nyuki wazimu na asali ikakosekana, kwa hiyo dawa za vijiji vya juu zilipandishwa na kushushwa na watu wa baiskeli. Nakunda alikuwa mmoja wao, na alikuwa hodari. Sasa ilibidi apimwe upya. Akishindwa, njia yake anapewa mwingine, yeye anapelekwa ghalani mjini Same kubandika lebo kwenye chupa. Kukaa ghalani kulimtisha kuliko mlima. Nyumbani alikuwa mgonjwa, watu wanamkatia nyama sahanini kama mtoto. Juu ya baiskeli hakuna aliyemkatia kitu.

Elirehema akatoa mfukoni kitufe chekundu.

"Hiki kinafungwa kwenye usukani, karibu na dole gumba lako la kulia. Tunakiita komeo. Ukibonyeza, mkono wa Mama unakuwa wako. Wako kabisa. Ataona vidole vyake vinafunguka na kufunga bila yeye kuulizwa. Kuku, sijui wachungaji, hawatakusumbua tena."

"Sheria inasemaje?"

"Sheria inasema mwenye mkono ndiye mwenye neno la mwisho." Akakuna kichwa. "Ndiyo maana nimesubiri atoke."

"Ataumia?"

"Hapana. Labda awe ameshika kitu."

"Kitu kama nini?"

"Sijui. Chai."

Nakunda akakiangalia kile kitufe. Shangazi Naetwe ndiye aliyemlea. Siku walipouliza nani katika ukoo atatoa mkono, ndugu wote waliangalia viatu vyao, shangazi akasimama na kusema, chukueni huu, una kazi gani zaidi ya kupembua mchele? Alikuwa ametoa mwenyewe, kwa kinywa chake. Lakini mtu akikupa mkono wake uutumie, amekupa na ruhusa ya kumfungua vidole akiwa ameshika kitu chake? Hilo swali Nakunda hakulipenda. Alilizungukazunguka akaona halina upande mzuri. Mwisho akasema neno ambalo watu husema wakishaamua kufanya lisilofaa.

"Funga. Kwa dharura tu."

Shangazi alipoingia, macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye usukani wa baiskeli iliyoegemezwa ukutani, kitufe kimeshafungwa.

"Na hicho chekundu?"

"Taa, Shangazi," Nakunda akasema, na uso ukamwaka.

"Taa nzuri. Sasa nisikilizeni nyote wawili. Jumamosi nakaa kitini, mkono juu ya mto. Sisongi, sipembui, simsalimii mtu. Hata nzi akinitua puani nitampiga kwa wa kulia. Mwanangu atapita huo mtihani, mtaniambia."

* * *

Mkaguzi wa mtihani, Bwana Mgonja, alikuwa mtu mnene wa maneno machache, mpanda baiskeli wa zamani mwenye magoti yanayolia akichuchumaa. Yeye alifuata nyuma na baiskeli yake, kazi yake kuangalia na kuguna. Katika sanduku la dawa, juu ya keria, mtahiniwa alibeba trei ya mayai badala ya chupa. Ukifika chini na mayai mazima, hata chupa zitafika. Mayai ya Nakunda aliyaleta shangazi mwenyewe alfajiri ile, akayapanga ndani ya sanduku kwa mkono wake, akafunga, akakataza mtu yeyote asifungue.

"Yana joto bado," Nakunda alisema alipoligusa.

"Yametoka kwa kuku sasa hivi. Nenda, nenda."

Mwanzo ulikwenda vizuri sana. Mkono wa kulia ulifunga breki ya mbele, shangazi akafunga ya nyuma, na mtu angedhani ni mikono ya mwili mmoja. Nakunda aliinamisha bega bovu ndani ya kona, akapanda mzizi, akashuka ngazi za mawe, na nyuma yake akamsikia Bwana Mgonja akiguna mguno wa kuridhika. Akaanza hata kuimba kidogo.

Ndipo bondeni ikalia pembe.

Kila mtu wa milima ile anaijua pembe hiyo. Ni ya msaragambo, mwito wa kazi ya kijiji. Chini kule kuna ndiva, bwawa linalokusanya maji ya mfereji usiku kucha ili asubuhi yagawanywe shambani kwa zamu. Ndiva ikipasuka ukuta, pembe inapigwa, na kila nyumba inatoa mkono. Nyumba isiyotoa mkono haina zamu ya maji, hata kama mwenye nyumba ni mjane, hata kama ni mwenyekiti. Na nyumba ya Shangazi Naetwe ilikuwa na mtu mmoja tu, ambaye ni Shangazi Naetwe, na nusu shamba la tangawizi iliyokuwa inakauka.

"Shangazi," Nakunda akasema, "hiyo pembe umeisikia?"

"Pembe gani?"

"Shangazi. Uko wapi?"

"Nipo kitini."

Sikioni zikaja sauti za watu wanaimba, na majembe yanaitikia wimbo.

"Mbona kiti chako kinaimba?"

"Mwanangu, ukuta umepasuka! Niache tangawizi ife? Nimesema mkono wa kushoto nimemwazima Nakunda, ninao wa kulia, nikatoe huo. Jembe nalishika kwa mmoja tu. Huu mwingine nimeuweka kiunoni, haugusi kitu."

Labda kuna watu duniani wanaoweza kulima kwa mkono mmoja huku wimbo umekolea. Shangazi Naetwe hakuwa mmoja wao. Wimbo ulipofika kwenye kiitikio, mkono wa kushoto ukatoka kiunoni bila kuagizwa, ukalishika jembe. Breki ikafunga. Jembe likainuka, breki ikaachia. Jembe likashuka, breki ikafunga. Nakunda akawa anateremka mlima wa Mndeme kwa mapigo ya wimbo wa kulima, kichwa kinakwenda mbele na nyuma kama mjusi, na sanduku la mayai linaruka kwenye keria.

"Kuna nini?" Bwana Mgonja alipiga kelele.

"Ni mtindo!" Nakunda akajibu.

"Shangazi, acha jembe!" akanong'oneza.

"Nimeliacha! Sasa tunapokezana mawe tu, tuko juu ya ukuta. Mawe ni ya mkono wa kulia, haki ya Mungu."

Mbele ilikuwa inakuja kona mbaya kuliko zote, ile ambayo upande wa kulia ni shamba la tangawizi na upande wa kushoto hakuna shamba wala kitu chochote, ni hewa mpaka bondeni. Nakunda akapunguza mwendo kwa breki ya mbele, pole pole, kwa maana ukiing'ang'ania hiyo peke yake baiskeli inakurusha juu ya usukani. Akajiandaa kuiachia baiskeli ijizungushe yenyewe kwenye kona.

Sikioni akasikia mtu anapiga ukelele, mawe yanaporomoka, na sauti ya shangazi, kali: "Mzee Mchome! Nimekushika! Usijitikise!"

Tairi la nyuma likaganda.

Haikuwa breki ya jembe, ya kufunga na kuachia. Ilikuwa ya mtu aliyeshika kitu na hakiachii. Mzee Mchome, mzee mwembamba wa nyumba ya pili, alikuwa ameteleza juu ya ukuta, chini yake ni rundo la mawe makali, na shangazi alikuwa amemdaka kola ya shati kwa mkono uliokuwa karibu. Mkono uliokuwa karibu ulikuwa wa kushoto.

Baiskeli ikaanza kuserereka. Tairi lililoganda halikati kona, linateleza tu kwenda linakotaka, na lilitaka kwenda kushoto. Nakunda aliujua mlima, alijua dawa ni moja. Breki iachie, tairi lizunguke, baiskeli itakata kona na mtihani umekwisha, maana baada ya hapo ni tambarare mpaka getini, mwisho wa njia. Na ili breki iachie, vidole vya shangazi vifunguke.

"Shangazi, achia!"

"Siwezi! Ataanguka!"

Dole gumba lilikuwa juu ya kitufe chekundu. Lilikuwa pale tangu pembe ilipolia, kusema kweli. Akabonyeza kidogo, akakisikia kinavyoanza kuzama. Akaona ghala la Same, rafu na chupa, na yeye amekaa kwenye stuli mpaka uzeeni. Akaiona kola ya Mzee Mchome. Akachukia kila kitu, akamchukia Elirehema na kalamu zake, akalichukia bega lake mwenyewe.

"Basi mshike!" akapiga kelele. "Mshike, usimwachie!"

Akaondoa dole gumba, akajitupa kulia pamoja na baiskeli. Walibiringita ndani ya tangawizi, yeye, baiskeli na sanduku, wakang'oa tuta moja na nusu, wakatulia.

* * *

Alipofumbua macho, Bwana Mgonja alikuwa amechuchumaa kando yake, magoti yanalia.

"Umevunjika?"

"Sijui. Mayai je?"

Bwana Mgonja akalifungua sanduku. Nakunda hakutaka kutazama. Alingoja kusikia neno la kumpeleka ghalani. Kisha ikasikika sauti ndogo ya ganda linamenywa.

"Haya mayai," akasema Bwana Mgonja, "yamechemshwa."

Kwa wakati huo watu wa msaragambo walikuwa wameshaanza kupanda kutoka ndiva, shangazi mbele, matope mpaka magotini, na Mzee Mchome nyuma yake, mzima, kola mkononi. Kutoka juu, alikokuwa akitazama mtihani, akaja Elirehema mbio na koti lake jeupe, na kwa jinsi koti lilivyochafuka alikuwa ameanguka mara kadhaa njiani. Shangazi alimpapasa Nakunda kichwa, mbavu, miguu, akimsuta kwa kuanguka na kumshukuru Mungu kwa pumzi hiyohiyo moja. Halafu akaliona yai mkononi mwa Mkaguzi.

"Mama," Bwana Mgonja akasema, "mayai ya mtihani ni mabichi."

"Mabichi si yangevunjika!" Shangazi Naetwe akasema kwa mshangao wa kweli. "Mtoto akose kazi kwa ajili ya yai?"

Kicheko kikapita katikati ya watu. Nakunda peke yake hakucheka. Alijiinua akakaa kwenye lile tuta aliloling'oa.

"Shangazi, kile chekundu si taa."

Akamwambia yote. Alimwambia jinsi komeo linavyofanya kazi, na kwamba alikubali lifungwe shangazi akiwa nje, na kwamba dole gumba lilikuwa juu yake mpaka dakika ya mwisho. Elirehema akachunguza viatu vyake. Shangazi alisikiliza huku anausugua mkono wake wa kushoto kwa wa kulia, taratibu, kama mtu anayemtuliza mtoto aliyeshtuka.

"Na hukubonyeza."

"Nilianza, Shangazi. Kilishaanza kuzama."

"Sikukuuliza ulianza. Hukubonyeza."

"Ulikuwa umemshika Mzee Mchome."

"Mchome ungemwachia tu, angejifunza kutembea," shangazi akasema, lakini akageuka akapenga pua kwenye kitenge. "Siku nyingine niulize. Mimi nina mdomo. Si unajua nina mdomo?"

"Naujua, Shangazi."

"Wewe umenificha komeo, mimi nimekuficha mayai. Hakuna wa kumdai mwenzake. Ila niulize."

"Umenichania shati," Mzee Mchome akalalamika kutoka nyuma.

Bwana Mgonja akasimama, akatoa hukumu. Mtihani umefutwa. Atarudi mwezi ujao kuwapima wengine, na Nakunda aje, na mayai yake mabichi. Akimkuta tena na komeo usukanini, atalipeleka mahakamani pamoja na aliyelifunga. "Sasa," akamalizia, "kuna mwenye chumvi?"

Wakakaa pale kando ya njia kula mayai ya mtihani. Shangazi Naetwe alikula la kwake anaiangalia ile baiskeli iliyolala, usukani umepinda, na ndipo akauliza kitu ambacho hospitali nzima haikuwahi kuuliza.

"Hivi, wewe fundi. Huo mkono wa kulia kwa nini usifunge breki zote mbili?"

Elirehema akaacha kutafuna. Akaitazama baiskeli kama mtu anayetambulishwa kwake kwa mara ya kwanza.

"Sisi," akasema polepole, "tulikuwa tunatibu mkono. Baiskeli hatukuigusa."

* * *

Mwezi ule Elirehema aliuvua ule utukufu wa koti jeupe, akajifunza baiskeli. Alianguka kwenye mfereji mara nyingi, akawa anapigiwa makofi na watu wa zamu ya maji. Lakini alielewa. Kishikio cha kulia akakigawa: kidole cha shahada kikivuta nusu, inafunga breki ya nyuma, kikivuta mpaka mwisho, zinafunga zote mbili, ya nyuma ikitangulia. Gia akazihamishia kwenye dole gumba, palepale pa komeo. Upande wa kushoto wa usukani akafunga kikombe kipana cha mpira wa tairi kuukuu, Nakunda anaingiza kiwiko chake kisichosikia mle ndani, bega linausukuma usukani, na gurudumu la mbele haliyumbi tena likikanyaga jiwe. Tandiko wakalirudisha nyuma kidogo ili uzito usimlemee mkono mmoja. Haikuwa baiskeli ya kupendeza. Mama Eliamini alisema inafanana na kitu kilichotengenezwa na watu waliogombana.

Siku ya mtihani Nakunda alishuka na mayai mabichi, Bwana Mgonja mwenyewe alivunja moja kuhakikisha, naye akafika getini yaliyobaki yakiwa mazima. Kwenye ile kona ya tangawizi alibana meno akingoja tairi ligande, na tairi likaendelea kuzunguka. Alipewa leseni. Alilia, akasema ni vumbi.

Jioni alikwenda kwa shangazi kuichukua bangili airudishe hospitalini. Alitegemea atamkuta na furaha, mkono umerudi nyumbani, asonge ugali apendavyo, amsalimie Mchungaji kwa mikono yote miwili kama mtu anamkubali. Alimkuta uani, bangili bado mkononi, hajaivua.

"Shangazi, mbona huivui? Uko huru sasa."

"Eeh, huru." Shangazi aliizungusha bangili. "Utadhani nalalamika. Mimi nimezaliwa mlima huu, nitazikwa mlima huu, na maisha yangu yote nimeushuka kwa miguu na mzigo kichwani, natafuta pa kukanyaga. Sikuwahi kuushuka kwa kasi. Halafu huu mkono wa kupembua mchele ukawa unashuka! Nipo jikoni nimekaa, naona vidole vinakunjika, najua mwanangu yuko kwenye kona. Moyo unanienda mbio. Nilikuwa naogopa mpaka najisikia msichana." Akaivua, akampa bila kumtazama. "Chukua. Sasa utakuwa mkono tu."

Nakunda aliishika ile bangili. Siku zote hizo alikuwa ameona aibu kwa kuutumia mkono wa mtu, na hakuwahi kufikiri kwamba mtu huyo naye alikuwa safarini. Akainuka akaenda kwenye baiskeli, akalifungua sanduku la dawa kutoka kwenye keria, akaliweka chini. Akakunja shuka, akalifunga juu ya keria kwa mpira.

"Shangazi, nakuuliza sasa, maana una mdomo. Unataka kushuka mlima?"

"Na nini? Na hiyo takataka?"

"Na hii takataka."

"Nitaanguka."

"Unishike."

Waliisukuma baiskeli mpaka juu, shangazi akitoa sababu njia nzima kwa nini hapandi. Alitaja magoti, cheo chake katika umoja wa akina mama, na watu watasemaje. Juu wakapumzika. Kisha Shangazi Naetwe akakaa upande kwenye keria, akajikaza kitenge, akamkumbatia Nakunda kiunoni kwa mikono yote miwili, ule wa kushoto juu.

"Polepole!" akapiga kelele kabla baiskeli haijasogea.

"Punguza! Funga! Nakunda, kuna jiwe! Kuna mzizi! Yesu wangu! Funga breki!" Alipiga kelele ngazi zote za mawe, akapiga kelele kwenye migomba ya Mama Eliamini, na mkono wake wa kushoto ulimminya Nakunda mbavu kila kona mpaka pumzi zikamwishia, na baiskeli haikusikia hata neno moja, ikaenda. Kwenye kona ya tangawizi, kule ambako upande mmoja ni hewa, Shangazi Naetwe alinyamaza. Nakunda alishtuka, akadhani amemwangusha. Alikuwepo. Alikuwa ameachia mkono mmoja, ule wa kushoto, ameunyoosha nje kwenye upepo, vidole vyote wazi.

Chini getini Nakunda alisimamisha baiskeli. Shangazi akashuka, kitambaa cha kichwa kimebaki mlimani huko, nywele zimesimama, machozi yamekauka shavuni kwa upepo. Akakaa kwenye majani. Akautazama mlima wote kutoka chini mpaka juu, akautazama tena.

"Nakunda."

"Abee, Shangazi."

"Kumbe ni mfupi hivi?"